Je, Bingwa wa Daraja la Chini Naye ni Bingwa?

Ndugu msomaji, hebu tulifikirie kombe moja la ajabu. Ni kombe halali, lililopiganiwa kwa jasho na kukabidhiwa mbele ya mashahidi. Lakini aliyelitwaa mara moja hawezi kulitwaa tena mpaka kwanza apatwe na msiba. Kombe la Ligi Kuu timu yaweza kulichukua mwaka hata mwaka, na kila linapoongezeka kabatini heshima nayo huongezeka. Kombe la daraja la chini lina desturi nyingine. Ukilishinda unapandishwa, na ukiisha kupandishwa huna ruhusa ya kulishindania. Basi ukisikia timu fulani imekuwa bingwa wa daraja la kwanza mara mbili au tatu, fahamu kuwa katikati ya sherehe hizo yapo majira ya kilio ambayo hayakupigiwa ngoma.

Sisi wa Mkoa wa Pwani tunalielewa jambo hili pengine kuliko wengine. Ukisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, ukiisha kuiacha Kibaha mjini na kupita Visiga, unaingia Mlandizi, mji wa wachuuzi, malori na maembe ya msimu. Hapo pana uwanja wa Mabatini. Mgeni aliyezoea uwanja wa Taifa hatatishwa na majukwaa yake. Uwanja huo umekuwa nyumbani kwa Ruvu Shooting, timu ya vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, na si mbali na hapo ndipo ilipo kambi ya Ruvu ambayo ndugu yake mwingine, JKT Ruvu, aliichukulia jina.

Nawaomba wasomaji wetu akina mama, ambao huenda ukurasa huu wa familia ndio wanaoanza nao, wasiuache kwa kudhani kuwa leo tumewapelekea kurasa za michezo. Jambo lenyewe linahusu kijana aliyeko nyumbani kwako, aliyetia viatu vya kuchezea mpira katika mfuko wa plastiki na kukuambia, "Mama, narudi magharibi." Je, anachokifuata huko kina maana iwapo hatafika juu? Na akifika juu kisha akaporomoka, umpokeeje?

Tuzitazame tarehe zenyewe. Ruvu Shooting ilishuka kutoka Ligi Kuu mwishoni mwa msimu wa 2014/15, pamoja na Polisi Morogoro. Haikukaa chini muda mrefu. Mwaka 2016 ilikuwa imekwisha kurudi, ikadumu juu misimu kadhaa, hata mwaka 2023 ikashuka tena, safari hii pamoja na Polisi Tanzania. JKT Ruvu nayo ilishuka mwaka 2017. Mwaka uliofuata ikapanda, na mashabiki wakaiona Ligi Kuu ikiwa na jina jipya, JKT Tanzania. Mwaka 2021 ikaporomoka tena. Na mwaka 2023 ikapanda ikiwa bingwa wa Ligi ya Championship, jina ambalo Ligi Daraja la Kwanza ilipewa kuanzia msimu wa 2021/22. Kwa hesabu hiyo, katika miaka 6 tu timu moja ilivuka mpaka ule mara 4: chini, juu, chini, juu.

African Lyon ya Dar es Salaam iliufanya mchezo huo kwa haraka zaidi. Ilishuka mwaka 2013, ikapanda 2016, ikashuka 2017, ikapanda 2018, ikashuka 2019. Shabiki wa Lyon aliyekwenda masomoni nje ya nchi miaka mitatu, akarudi, angeikuta timu yake palepale alipoiacha, asijue kwamba mara mbili ilikwenda ikarudi.

Watu wengi huzicheka timu za namna hii, nami nimewasikia vijiweni. Husema ni timu za kupanda na kushuka kama daladala ya Mbagala. Lakini tukizitazama kwa makini tutaona kwamba wanaocheka wanayachanganya mambo mawili yasiyofanana: timu isiyojua kushinda na timu iliyokwama mpakani. Ile isiyojua kushinda haipandi hata mara moja. Hii iliyokwama mpakani ni kali mno kwa daraja la chini, ila bado haijatosha kwa daraja la juu. Mahali hapo baina ya madaraja mawili ndipo penye taabu kubwa kuliko pote katika mchezo wowote, na wapo watu walioishi hapo maisha yao yote ya ushindani.

Ili kulithibitisha hilo, tuvuke bahari twende Japani, kwenye mieleka yao ya jadi iitwayo sumo. Wengi wetu tunaijua kwa picha tu: majitu mawili yaliyofunga mishipi, yakisukumana juu ya ulingo wa udongo mpaka mmoja atoke nje ya duara au aguse chini kwa kiungo kisicho unyayo. Tusichokijua wengi ni kwamba sumo ndiyo ligi ya madaraja iliyo kamili pengine kuliko zote duniani. Ina madaraja 6. La chini kabisa huitwa jonokuchi. Juu yake jonidan, kisha sandanme, kisha makushita, kisha juryo, na kileleni makuuchi, lenye wanamieleka 42. Mashindano makubwa hufanyika mara 6 kwa mwaka, siku 15 kila mara: matatu Tokyo, na mengine Osaka, Nagoya na Fukuoka. Baada ya kila shindano orodha yote huandikwa upya, tangu mtu wa kwanza hadi wa mwisho. Aliyeshinda michezo mingi kuliko aliyoshindwa hupanda. Aliyeshindwa zaidi hushuka. Hakuna kubaki ulipo kwa sababu ya jina la ukoo wala kwa kujuana.

Kila daraja lina bingwa wake, na zawadi zake zimepangwa kama ngazi. Bingwa wa makuuchi hupata yeni milioni 10. Wa juryo milioni 2. Kuanzia hapo hesabu inakonda: makushita 500,000, sandanme 300,000, jonidan 200,000, na yule wa jonokuchi 100,000. Lakini tofauti kubwa haimo katika zawadi. Imo katika mshahara. Walio juryo na makuuchi hulipwa mshahara wa kila mwezi, unaozidi yeni milioni moja hata kwa yule wa mwisho katika orodha ya juryo. Walio chini ya mstari huo hawana mshahara hata wa senti moja. Hupewa chakula na mahali pa kulala katika kambi ya mzee wao, na posho kidogo kila shindano linapokuja.

Mpaka huo ni mkali kama wembe. Mwanamieleka wa juryo ana chumba chake mwenyewe na vijana wa kumtumikia. Nywele zake hutengenezwa kwa shungi la heshima anapoingia ulingoni. Akishuka hatua moja tu akaingia makushita, mshahara hukatika, chumba huondoka, naye hurudi katika ukumbi wa kulala pamoja na vijana. Pengine ataamka alfajiri kumtumikia mtu ambaye mwezi uliopita alikuwa akimtumikia yeye. Wa madaraja mawili ya chini kabisa huonekana barabarani hata wakati wa baridi kali wakiwa wamevaa kanzu nyepesi za pamba na viatu vya mbao, kwa sababu koti ni haki ya wakubwa wao. Wakubwa hula kwanza. Wadogo ndio waliopika, nao hula kilichosalia chunguni.

Hapo sasa ndipo tunapomkuta mtu wetu, bingwa wa mara nyingi wa madaraja ya chini. Kijana mwenye kipaji akiingia jonokuchi hushinda michezo yake yote 7, kwa kuwa walio chini hupigana mara 7 tu katika zile siku 15, akatwaa ubingwa na kupanda. Hatarudi tena huko. Atakayerudi ni nani? Ni aliyevunjika goti. Tangu mwaka 2004 ilipofutwa ile kinga iliyokuwa ikimlinda cheo aliyeumia ulingoni, asiyefika kwenye mchezo wake huhesabiwa kuwa ameshindwa, awe kitandani hospitalini au popote pale. Basi mtu wa daraja la juu akipasuliwa goti na kukosa mashindano matatu manne, huporomoka kama nazi iliyokatika kikonyo. Akipona huwakuta mbele yake watoto wa miaka kumi na sita, ambao huwasukuma nje ya ulingo mmoja baada ya mwingine mpaka wapewe pole na walimu wao. Huchukua ubingwa wa daraja lile, na la juu yake, na la juu yake tena, akipanda ngazi aliyokwisha kuipanda zamani. Goti likikataa mara ya pili, safari huanza upya. Makombe yake ya madaraja ya chini ukiyapanga mezani yanasomeka kama cheti cha daktari.

Mfano mashuhuri ni wa Terunofuji, mzaliwa wa Mongolia. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa daraja la juu kabisa na kupewa cheo cha ozeki, kinachofuata baada ya kile cha juu kupita vyote. Kisha magoti yakaharibika, na kisukari kikamwandama. Mwaka 2017 alikipoteza cheo chake. Aliendelea kushuka, daraja baada ya daraja, na ilipofika Machi 2019 aliporudi ulingoni alikuwa jonidan, daraja la pili kutoka chini, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuwa ozeki aliyepata kufika. Inajulikana kwamba zaidi ya mara moja alimwomba mzee wa kambi yake ruhusa ya kustaafu, na mzee akamtaka apone kwanza.

Nawaombeni mtafakari jambo hili moja, maana kwangu ndilo linalopita yote. Katika shindano lile la Machi 2019 mtu huyu, aliyewahi kuwa miongoni mwa wakubwa kabisa wa Japani nzima, alishinda michezo yake yote 7 katika daraja la watoto. Mwenzake mmoja naye akawa ameshinda yote 7. Wakapambanishwa kutafuta bingwa. Terunofuji akashindwa! Hata kombe la jonidan hakulipata. Alifunga kanzu yake ya pamba, akaendelea. Novemba 2019 akawa bingwa wa makushita bila ya kushindwa mchezo. Januari 2020 akawa bingwa wa juryo. Julai 2020, akiwa karibu na mkia wa orodha ya makuuchi, akautwaa ubingwa wa daraja la juu. Na Julai 2021 akapewa cheo cha yokozuna, kisicho na kingine juu yake. Alipostaafu Januari 2025 alikuwa na makombe 10 ya daraja la juu.

Hadithi ya namna hiyo ni tamu, na ndiyo maana husimuliwa. Lakini mwandishi wenu anaogopa kidogo utamu wake. Kwa kila Terunofuji mmoja wapo mamia waliopanda na kushuka katikati ya ngazi, wasifike juu kamwe. Alikuwapo mwanamieleka aitwaye Hanakaze, aliyeanza Machi 1986 na kustaafu Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 51. Kwa karibu miaka 36 hakupata hata siku moja kuvuka mstari wa mshahara. Je, huyu tumwite nani? Wajapani waliujaza ulingo maua ya heshima kwa maneno walipomwaga. Nasi tungemwuliza kwa nini hakutafuta kazi.

Turudi nyumbani, maana kwetu ngazi ni ndefu vilevile, isipokuwa haina udongo uliofinyangwa vizuri.

Kijana wa Maneromango, wilayani Kisarawe, huanza katika kiwanja cha shule ya msingi, jioni, mahindi yakiwa yamevunwa au korosho zikiwa zimekwisha kuokotwa. Kombe la kwanza atakaloligombania huenda likawa mbuzi. Simdharau mbuzi huyo: hufungwa kwenye mti pembeni mwa uwanja, wachezaji wa timu zote wakimwona, na ninaamini yapo mabao yaliyofungwa kwa nguvu ya sauti yake. Akitoka hapo, timu yake itaingia ligi ya wilaya, ambayo wazee bado huiita daraja la nne. Bingwa wa wilaya huenda ligi ya mkoa, ambapo vijana wa Kisarawe hukutana na wa Kibaha, Bagamoyo, Mkuranga na Rufiji. Bingwa wa mkoa huenda kupambana na mabingwa wa mikoa mingine. Wachache watakaotokea hapo huingia lile lililokuwa daraja la pili, ambalo tangu msimu wa 2021/22 limepewa jina la Kiingereza lenye maana ya ligi ya kwanza. Ni jambo la kuchekesha kidogo, kwani juu yake ziko ligi mbili! Juu yake ni Championship, yenye timu 16, ambapo mbili za kwanza hupanda moja kwa moja. Ndipo Ligi Kuu, yenye timu 16 pia, ambapo mbili za mwisho hushuka, na zile za nafasi ya 13 na ya 14 hutupwa katika mchujo unaowanyima watu usingizi.

Mhesabieni kijana huyo hatua zake kutoka kwa mbuzi hadi Mabatini. Kila hatua inadai timu yake iwe bingwa au karibu na bingwa, na kila hatua anaweza kurudishwa nyuma. Wapo ambao wamekwisha kushinda ligi ya wilaya mara nyingi kuliko wanavyokumbuka, kwa sababu kila mwaka timu hufika mkoani, ikakosa nauli au mlinda mlango, ikarudi.

Sasa tuseme jambo ambalo halisemwi sana. Palipo na mpaka mkali baina ya kupata na kukosa, hapo pana kishawishi. Mwaka 2011 Wajapani waligundua kwamba baadhi ya wanamieleka wao, wengi wakiwa wa juryo, walikuwa wakiuziana michezo: leo nisaidie mimi nisishuke, kesho nitakusaidia wewe. Aibu ilikuwa kubwa hata shindano la Machi mwaka ule, la Osaka, likafutwa. Halikuwa limefutwa shindano lolote la aina hiyo tangu mwaka 1946. Angalia ni wapi ugonjwa ulipozuka. Haukuzuka kileleni kwenye fedha nyingi. Ulizuka pale ambapo mchezo mmoja unaamua mtu ale kwa mshahara au kwa posho.

Nasi tulipatwa na yaleyale. Mwaka 2016, siku ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, timu mbili zilizokuwa zikigombea nafasi moja ya kupanda zilishinda michezo yao kwa mabao yasiyo ya kawaida, moja mabao 8 na nyingine 7, zote bila ya jibu, kwa kuwa wingi wa mabao ndio ungeamua. Shirikisho la mpira, TFF, lilichunguza na kuziadhibu timu zote nne zilizocheza michezo ile miwili. Nafasi ikaiangukia Mbao FC ya Mwanza, ambayo haikuwa ikitarajiwa na mtu. Na Mbao hiyohiyo, iliyoingia kwa mlango wa uani, mwaka 2017 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Dodoma na kuifanya Simba itafute ushindi wake wa mabao 2 kwa 1 mpaka katika dakika za nyongeza.

Kwa nini basi timu kama JKT hushuka na kurudi upesi, wakati nyingine zikishuka huwa ndio kwaheri? Kwa maoni yangu jibu liko jikoni kuliko uwanjani. Timu nyingi za uraiani zikishuka mfadhili huondoka, mikataba huvunjika, mchezaji mwenye mke na watoto wawili hulazimika kwenda kutafuta timu nyingine kabla kodi ya nyumba haijamfikia. Timu ya jeshi huwa na wachezaji walio askari. Daraja likishuka, cheo cha uaskari hakishuki. Wali na maharagwe ya kambi hupikwa kama jana. Kikosi hubaki pamoja, nacho kikibaki pamoja hurudi. Kambi za sumo huwafanyia vilevile wale wasio na mshahara: haziwatajirishi, lakini haziwafukuzi chakulani mtu akiumia. Nadhani mzazi anayeulizwa na mwanawe kuhusu timu ya kusajiliwa angefaa aulize kwanza, timu hiyo ikishuka wewe utakula wapi, ndipo aulize ni kiasi gani watakutangulizia mkononi.

Ruvu Shooting ilituonyesha pia kwamba mtu aweza kuishi mpakani bila ya kununa. Kwa miaka mingi msemaji wake alikuwa Masau Bwire, ambaye alilifanya neno kupapasa lijulikane nchi nzima. Kila timu kubwa ilipopangiwa kucheza na Ruvu, yeye aliitangazia kwamba itapapaswa. Mara nyingi waliopapaswa walikuwa Ruvu wenyewe, naye wiki iliyofuata alirudi redioni na maneno mapya. Watu walicheka, wakanunua tiketi. Kwa timu isiyo na makombe ya kuringia, si haba.

Wala si wanaume tu. Ligi Kuu ya Wanawake ilipochezwa kwa mara ya kwanza, msimu wa 2016/17, bingwa wake hakutoka Ilala wala Kinondoni. Alikuwa Mlandizi Queens, mabinti wa hapahapa Kibaha. Tangu wakati ule ubingwa umekuwa ukipokezana baina ya JKT Queens na Simba Queens, timu zenye mifuko mirefu, na Mlandizi haijauona tena. Mabinti wale waliocheza msimu ule leo ni watu wazima. Je, majina yao tumeyaandika wapi?

Hata wakubwa wa zamani wameonja maji haya. Mtibwa Sugar ya Morogoro, bingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000, ilishuka daraja mwaka 2024. Mwaka 2025 ilirudi ikiwa bingwa wa Championship. Shabiki wa Mtibwa mwenye umri wa miaka hamsini anayo sasa makombe ya aina zote mbili katika kumbukumbu yake. Lile la 2025 lilikuwa dogo kwa umbo; lakini mwulize ni lipi lililomliza, usikie atakavyokujibu.

Yako mambo ya kujifunza kutoka kwa Wajapani ambayo hayahitaji fedha. Siku ya 15, siku ya kufunga shindano, mabingwa wa madaraja yote ya chini huitwa katika ulingo uleule watakaopigana wakubwa, kabla ya wakubwa wa makuuchi kuanza. Kama wawili wamelingana, hupambana hapohapo mbele ya umati. Yule wa jonokuchi, mtoto aliyekuwa akipigana asubuhi ukumbi ukiwa mtupu, siku hiyo huinama na kupokea tuzo yake macho ya nchi nzima yakimtazama.

Ingekuwaje chama cha mpira cha Mkoa wa Pwani kikifanya hivyo? Fainali ya ligi ya mkoa isichezwe siku ya kazi katika kiwanja kisicho na uzio. Iwekwe saa nane mchana, siku ambayo timu ya Ligi Kuu inacheza saa kumi katika uwanja wowote wa karibu. Watu watakuwa wamekwisha kuingia. Vijana wa Kisarawe watatoka Maneromango asubuhi na basi moja, mama zao wakiwa nyuma na vyungu vya wali, na mbuzi akitaka kuja naye aje.